Uso Usiotoa Jibu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifika pamoja na kofia ya sufu uliyomfumia mwanao. Inamkaa vizuri, ila anaivuta mpaka imfunike macho, kisha analia kwamba kumekuwa giza. Sisi huku tunalala na tunaamka. Shemeji yako hajambo, amehamishiwa zamu ya asubuhi kule karakana, anarudi na vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Shemeji wa huko naye, mgongo umemwachia? Wanangu bado wanagombania kitanda cha juu? Wasalimie wote, na yule kitinda mimba mwambie mama mdogo hajamsahau.

Uliniuliza habari za shule, nami nitaanzia hapo kwa kuwa ndipo pepesi.

Unajua nilivyokuwa nikifundisha hesabu. Siku ile ulipopita ukasimama mlangoni, ulisema nafundisha kama mtu anayenadi nguo za mtumba. Napiga makofi, naimba jedwali la kuzidisha, naruka. Mtoto akipata, uso wangu wote unawaka. Akikosa, nakunja pua kwa utani na darasa linaangua kicheko. Tangu nimalize likizo ya uzazi, hayo sina. Si kwamba niliamua kuyaacha. Nilisimama mbele yao, nikautafuta ule wimbo, nikaona hautoki. Nikaandika hesabu ubaoni, nikangoja.

Hesabu yenyewe ilikuwa hamsini na mbili toa thelathini na nane. Darasa la tatu zima likajibu kwa mpigo kwamba ni ishirini na sita. Hilo ni kosa la siku zote: wakiona mbili haitoi nane, wanaigeuza kimyakimya, wanatoa mbili kwenye nane, mambo yamekwisha. Zamani ningekunja pua, nao wangejua wamekosa na kuanza kubahatisha, mara thelathini na sita, mara kumi na sita, mpaka wauone uso wangu unacheka. Safari hii uso haukufanya kitu. Wakairudia ishirini na sita yao, lakini sasa kwa sauti ya mtu asiye na uhakika. Mmoja wa nyuma akamnong'oneza mwenzake kwamba mwalimu leo amekunywa gundi.

Yuko binti mmoja wanayemwita Konokono, kwa sababu daftari lake ndilo la mwisho kufika mezani. Alikuwa hajawahi kunijibu swali hata moja. Yeye akiwa bado anawaza, wenzake walikuwa wameshausoma uso wangu na kumaliza. Siku hiyo alivuta vijiti vyake vya kuhesabia, vile tunavyovifunga kumi kumi kwa mpira, akapanga mafungu matano na vijiti viwili, akakaa anavitazama. Jirani yake akamwambia afanye haraka, kengele itawakuta hapo. Konokono akamjibu, bila kuinua kichwa, kwamba yeye hashindani na kengele. Kisha akafungua fungu moja. Mpira ukaruka ukampata jirani puani, wakacheka, yeye hakucheka. Akatoa vijiti vyake vinane, akaondoa na mafungu matatu, akasema ni kumi na nne, na akaeleza kwamba vile viwili vilikuwa havitoshi ndiyo maana akavunja fungu. Akanitazama. Hakuona kitu. Akarudi kuvitazama vijiti, akajiitikia mwenyewe kwa kichwa.

Tangu hapo darasa limegeuka. Wanabishana, wanavunja mafungu, wanamwita Konokono awe mwamuzi, na ukimsikia anavyoitwa utadhani ni cheo. Mwalimu mkuu alituchungulia dirishani mara kadhaa, halafu akaniita ofisini. Aliniuliza nimejifunza wapi kuficha jibu usoni namna ile, kwani wako walimu wamezeeka na chaki na hawawezi. Anataka niende chuo kwa mafunzo ya nusu mwaka, nikirudi niwafundishe wengine. Nilipomwambia nina mtoto anayenyonya, akasema mtoto ana ndugu, ila nafasi haina ndugu, na chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Alisema kwa wema, akacheka na kunipiga begani.

Ndipo nikakuandikia ile barua fupi, nawe ukajibu papo hapo kwamba nikuletee mtoto, utamlea mpaka nimalize. Ahsante, dada. Shemeji yako naye hakupinga. Majirani ndio wanaonihurumia, wananiuliza moyo huo nitautoa wapi wa kumwacha mdogo hivi. Ninawajibu kwamba Mungu atasaidia.

Lakini wewe sitakujibu hivyo. Nimeijaribu safari hiyo kichwani. Nimezikunja nguo zake, nimekukabidhi, nimepanda basi nikaondoka. Nilingoja niumie. Sikuumia. Ilikuwa kama kumkabidhi mlinzi funguo za darasa. Sikuwa naficha jibu usoni, dada. Mle ndani hamna kitu cha kuficha, na imekuwa hivyo tangu nijifungue. Namnyonyesha, namwogesha, kucha zake nazikata, hakosi chochote. Ila ni kama namshikia mtu mtoto wake mpaka arudi. Na yeye ameshajua. Zamani alikuwa akinikazia macho, anafungua mdomo kidogo, anangoja. Siku hizi akitaka kucheka anamtafuta baba yake, au mama muuza mkaa wa nyumba ya pili. Wanafunzi wakikosa jibu usoni mwangu, wana vijiti vya kushika. Yeye hana vijiti. Ana uso huu tu.

Nimekwenda zahanati. Muuguzi wala hakushtuka. Aliniambia ni ugonjwa, unawapata wazazi wengi wanaonyamaza, na unatibika. Si uvivu, si laana. Alisema tusitenganishwe, mimi na mtoto, lakini nisiachwe naye peke yangu. Kwa hiyo nimemwambia mwalimu mkuu kwamba chuo siendi. Akaniuliza kama nimerogwa. Nikamjibu kwamba ninaumwa, na nikalisema kwa sauti yangu ya darasani, hata karani akaacha kupiga mihuri.

Basi, dada, mtoto siji naye. Usinikasirikie. Na usiniletee zile habari za bibi aliyezaa saba na asiwe na mambo haya. Hizo nimeshajisomea mwenyewe vya kutosha. Njoo wewe. Sikuiti uje kupika wala kufua, hayo tunayaweza. Nakuita uje umchekee, kwa kile kicheko chako cha kuamsha mtaa, apate uso wa kumjibu wakati wangu unatibiwa. Mimi nitakaa hapo hapo kando yenu. Sitatoka chumbani. Shemeji akinung'unika kwamba unamwachia watoto, mpe barua hii aisome, sitaona haya.

Asubuhi ya leo nilimpakata karibu na dirisha. Nilitabasamu, yaani niliisogeza midomo jinsi ninavyokumbuka. Alinitazama, akakunja kipaji cha uso kama mzee aliyepewa chenji pungufu, kisha akageuza shingo akatazama nje. Sikumlaumu. Nilimgeuza taratibu, nikajaribu tena.

Nipelekee salamu kwa shemeji na kwa wanangu, na kwa yeyote hapo nyumbani anayeuliza habari zangu. Mwambie ninaumwa lakini niko. Shemeji yako atakungoja stendi, wewe tutumie tu siku.

Ni mimi mdogo wako,
Mama wa mwanao