Moto wa Bahiya

Malindi, Unguja
17 Julai 1994

Mpendwa Dada Dalal,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima huko Maskati, na goti halikusumbui tena. Sisi hatujambo, ila kipupwe cha mwaka huu kimetushika vifua.

Mwanao Bahiya na mjukuu wako leo wametimiza siku kumi na tisa za arobaini. Wazima, alhamdulillahi, lakini nusura nikuandikie mengine, na nina hasira na wewe.

Uliagiza mzazi aoteshwe moto kama Mama alivyokuotesha wewe: seredani ya mkaa chini ya kitanda, milango imefungwa. Umesahau kuwa chumba cha Mama kilikuwa na matundu juu ya mlango na madirisha ya mbao yasiyofungika sawasawa. Bahiya anakaa ghorofani Michenzani, kuta za saruji, na Bi Mwamvua anayemkanda ameziba dirisha kwa blanketi ili upepo usimpate.

Mara tatu nimeitoa seredani nikaiweka ukumbini, penye dirisha wazi, mbali na chandarua. Mara tatu imerudi. "Mama mtu keshasema," ananijibu Bi Mwamvua. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, Bi Muzna." Mimi sikuzaa, Dada. Neno lile liliniuma.

Jumanne nilimkuta Bahiya anatapika, kichwa kinampasuka, mtoto kalegea hata kunyonya hawezi. Bi Mwamvua anatafuta mtu wa kuwasomea. Nikang'oa blanketi, nikawatoa wote wawili nje ya chumba. Baadaye mtoto akalia, nami nikalia. Daktari tuliyemwendea alisema ni hewa ya mkaa. Haina harufu, na chumba kilichozibwa si pahali pa moto.

Nilidhani yamekwisha. Jana Bahiya mwenyewe kaniomba niirudishe seredani chini ya kitanda. Nikamfokea. Akanambia, "Mama hakuja, mama mdogo. Na moto wake nao usiwepo?"

Jibu unalo wewe. Mwandikie kwa mkono wako kuwa moto ukae ukumbini, dirisha wazi, naye aote kutoka mlangoni. Au njoo. Zimebaki siku ishirini na moja. Mpaka hapo nalala mlangoni pake, maana neno langu halisikilizwi.

Nisalimie shemeji Hashil na mwanao Badar. Mume wangu Ammar anakuamkia. Mola akulinde, akulindie na hawa wawili.

Mdogo wako akupendaye hata kwa hasira,
Muzna