Namba Uliyosahau Kuifuta

Kwako Baba Safina, huko Ariwara,

Assalam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo na watoto. Wachuuzi wa samaki wananiambia sukari imekushika, na mguu wa kushoto unakufa ganzi. Pole. Usitembee peku, na hiyo chai yako ya vijiko vinne uiache, maana nakujua. Sisi huku Arua tuko salama, alhamdulillahi. Safina hajambo. Duka langu la gasketi bado liko nyuma ya soko, na nyundo ni ileile uliyoiacha.

Nakuombea afya katika kila swala, na simtanii Mungu. Nataka siku ya nikaha ya Safina usimame mwenyewe mbele ya watu, bila kushikwa mkono. Utaona kwa nini. Utaona pia kwamba bahasha haina gundi. Sikusahau kuifunga. Kila mkono utakaoipokea kutoka hapa mpaka mpakani, na kutoka mpakani mpaka kwako, una ruhusa yangu kuisoma.

Unalikumbuka lile gari jekundu? Gari la spoti, la milango miwili, halina paa, liko chini kama kobe. Lilikuwa la afisa mmoja wa zamani, bosi wako wa Ariwara akalinunua bovu akakukabidhi. Miezi mingi ulilipaka rangi na kulisugua, na ndani ya boneti hamna kitu. "Bibi harusi hana moyo," ulikuwa ukisema ukirudi nyumbani. Bosi alikuahidi kwamba likitembea tu, karakana utaiongoza wewe.

Halafu siku moja, tumetoka tu kumaliza arobaini ya baba yangu, ukaja nalo mpaka mlangoni likinguruma. "Panda, Mama Safina. Leo wewe iko bibi ya jenerali." Nilipanda na nguo ya msiba mwilini. Tukashika barabara ya Vurra, upepo ukanivua mtandio, nikacheka kama msichana. Kwenye njia panda ya Kuluva nilinyamaza, kwa sababu baba alikata roho katika hospitali ile. Ukanishika mkono. "Mzee apumzike," ukasema, ukakanyaga mafuta.

Miaka ishirini na miwili nimeitunza siku ile. Hata uliponiacha ukaoa huko, nilikuwa nasema moyoni, huyu mwanamume amenitenda, lakini siku ile alinipenda.

Basi gari limerudi. Bosi wako alifariki, watoto wake wakaliuza kwa Hajji mmoja mfanyabiashara wa Koboko, mtu mzima anayetaka raha kidogo kabla ya kaburi. Sasa ni la kijani, lakini nililijua kwa mlango wa abiria, bado haufungi mpaka uuinue. Maji yalikuwa yanaingia kwenye oili. Linahitaji gasketi ya kichwa cha injini, na hakuna aliyejua injini ile ni ya gari gani. Pale penye namba pamesagwa kwa tupa pakawa laini kama sahani. Hajji ameagiza gasketi Kampala mara mbili, na mara mbili imekuja isiyoingia. Akalivuta mpaka dukani kwangu, na mafundi wakaja nyuma kama nzi.

"Hii iko ya trakta," alisema fundi Andama.

"Trakta ya bibi yako," mwenzake akamjibu. "Wewe naona wapi trakta nalala hivi? Hii injini iko mulevi. Nakunywa waragi, nategemea ukuta."

Hajji hakucheka. "Mimi nanunua gari, hapana nanunua kitendawili. Mama Gasketi, watu nasema wewe najua kila kitu kwa vidole. Sema, hii iko nini?"

Nikasema bismillahi nikaingiza mikono. Nilifurahi, Baba Safina, niseme ukweli. Ilikuwa kama kuguswa tena na siku ile ya mtandio. Injini imelala upande. Plagi zimezama ndani kama visima. Silinda ni zile za kuchomoa moja moja.

"Hajji, hii ni Pijo. Ya pikapu ya zamani."

"Pijo ndani ya spoti?" Andama akaguna.

"Imelala, ndiyo maana boneti limefunga. Injini ya kusimama ingetoboa."

Nikajivunia wewe. Nilisema moyoni, mume wangu wa zamani alikuwa na akili, alitafuta injini fupi akaipata. Pikapu za Pijo zilikuwa nyingi siku zile. Sikuwaza kingine.

Ni Hajji aliyeniambia, maadamu tumefungua, nitazame na pampu ya mafuta, inavuja oili kidogo pale inapokaa. Nikafungua nati mbili. Pampu ile ilikuwa haijawahi kuguswa. Nikaibandua, na chini yake hapakuwa na gasketi ya karatasi. Palikuwa na ngozi.

Nikaipangusa kwa kanga yangu. Tarakimu nne zikatokea, zimegongwa ndani ya ngozi kwa chuma cha moto. Ya tano ilikuwa imeliwa na tundu la boliti.

Sasa kumbuka nami. Ile siku tulipoharibikiwa Pajulu. Mimi, wewe na baba, ndani ya ile pikapu yake ya Pijo, tumebeba mihogo kutoka Lurujo kwenda soko la Arua. Wewe hukuwa mume wangu bado, ulikuwa fundi mwanafunzi unayejipendekeza. Oili ikaanza kumwagika pale pale pampu inapokaa, na karatasi ya gasketi hatuna. Baba akavua mkanda wake wa jeshi. Ulikuwa umepasuka wote isipokuwa karibu na bizimu, pale ilipogongwa namba yake ya jeshi.

"Baba, namba yako," nilisema.

"Namba iko kwa kichwa. Kata. Injini hapana jua kusoma."

Nikaiweka ngozi juu ya chuma, nikagonga pembeni polepole kwa nyundo mpaka ikajikata. Ndiyo gasketi ya kwanza ya maisha yangu. Wewe ukaangusha nati kwenye majani. "Kuruta," baba akakuambia, "tafuta. Hiyo nati iko na mama yake nangoja nyumbani." Uliitafuta kwa magoti. Na mzee akaingia sokoni ameshika suruali kwa mkono mmoja, sajini mzima, sisi wawili tunacheka nyuma ya magunia.

Uliisaga namba ya injini. Namba ya baba yangu uliisahau ndani.

Nikakaa juu ya ndoo. Hajji akauliza, "Mama, injini nakuuma?" Nikamwambia ndiyo.

Watakaoisoma hii njiani hawajui, basi niwaambie. Baba alipolazwa Kuluva, pikapu ilibaki Lurujo, na mdogo wangu Khemis alikuwa akilala ndani yake kuilinda. Asubuhi moja boneti likakutwa wazi, injini hamna. Khemis alisema alilala matangani kwa jirani. Wazee wakakaa. Wewe uliomba msahafu kabla hujaambiwa, ukaweka mkono, ukasema ulimkuta Khemis na watu wa ng'ambo wakisukuma mkokoteni uliofunikwa turubai. Mimi nilisimama nyuma yako. Nilisema, "Mume wangu hasemi uongo." Hayo maneno ni yangu, na nitayajibu mwenyewe mbele ya Mola.

Kisha ukaenda Kuluva kumwambia mgonjwa. Nilikuwa nimeshika bakuli la uji. Baba aligeukia ukutani, akasema, "Khemis asishike jeneza langu." Siku ya tatu akafa.

Siku ya mazishi Khemis alisimama nje ya ua. Wewe ulibeba mbele. Wewe ndiye uliyeshuka kaburini kumpokea baba yangu kwa mikono ile ile, na udongo ulipokwisha ukaja kunifuta machozi. Baada ya arobaini ukaniendesha juu ya injini yake, nikacheka, ukapita nayo mbele ya Kuluva. Wizi ningeuelewa. Kicheko kile ndicho nisichokusamehe.

Hajji nilipomweleza, alitaka kunipa injini yote. Ni mtu mwema. Nilikataa, nikamkatia gasketi mpya, nikaomba ngozi tu. Nikapanda gari la Koboko, nikashuka nikaenda kwa miguu mpaka Lurujo. Khemis nilimkuta shambani kwa watu, analima kibarua. Nywele zimekuwa nyeupe. Huko watoto wanamwita "Khemis Injini", hata wale waliozaliwa juzi, hawajui kwa nini. Msikitini anakaa karibu na viatu.

Nikampa ile ngozi. Aliigeuza, akainusa. "Iko na harufu ya Pijo," akasema. Kisha akaniuliza, "Mzee alijua?"

"Hakujua."

Akalima mstari mzima, nami nafuata pembeni namwomba msamaha. Mwisho wa mstari akaegemea jembe. "Sasa hawa watoto wataniita nani?"

Nimekuletea wewe hilo swali.

Sikiliza basi. Nikaha ni Lurujo, nyumbani kwa baba yangu, Ijumaa ya pili baada ya kuvuna ufuta. Wewe ni baba wa Safina na walii wake, ndiwe wa kumwozesha, sheria ni sheria, sitaipindisha. Lakini ngozi nimemwonyesha imamu. Amesema walii awe mtu wa kuaminiwa, na baba asipofaa yuko mdogo wako. Anakusubiri wewe useme. Utasimama kabla ya khutuba ya nikaha, mbele ya wazee wale waliobaki, na mbele ya wanao wa Ariwara, ambao nimewaalika kwa majina. Sitakuletea msahafu, ule ulikwisha kuuchezea. Utaishika tu ile ngozi na kusema ni nani aliyeng'oa injini. Khemis atakuwa amekaa mbele. Nimeshamshonea kanzu.

Shehe wangu ananishauri nikusamehe. Nimemwambia nitasamehe, inshallah, lakini baadaye, kwanza nikuone ukisema. Mungu anirehemu, nataka nikuone ukitafuta maneno kama ulivyoitafuta ile nati. Usipokuja, sitakulaani. Nitaendelea tu na dua yangu ya baada ya alasiri, na wewe ulisoma madrasa kuliko mimi, unajua dua ya aliyedhulumiwa haina pazia mbele yake. Mguu wa kulia je, haujambo?

Safina ameisoma barua hii kabla haijaondoka. Alilia, akajipangusa, akasema, "Mama, ongeza pale kwenye kicheko." Nimeongeza.

Viti tumekodi. Cha Khemis nimekiweka mstari wa mbele, na kando yake nimeacha kimoja. Tafadhali nijibu upesi, kwa mkono wako mwenyewe, nijue kama nikiache au nikiondoe.

Ni mimi,
Mama Safina, binti wa Sajini, dada wa Khemis