Msalaba Juu ya Sukari

Ruiru,
14 Julai 1957

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo huko Yala? Kifua kimetulia? Na yule kuku wako mkorofi, bado anataga chini ya kitanda? Sisi hatujambo, na leo hata mwanao ana nafuu, ndiyo maana nimepata moyo wa kukaa niandike. Najua shemeji Erastus ndiye atakayekusomea. Asiruke mahali.

Tangu gunia la kahawa lilipomwangukia Odhiambo mguuni kiwandani, nawe ukaja kutusaidia kumuuguza, unakumbuka tulivyochemsha mkojo wake kila asubuhi na ile dawa ya buluu. Ukibaki buluu, sukari haimo. Ukiwa mwekundu kama tofali, sukari imejaa. Kabla ya ajali, sindano zikiutuliza ugonjwa wake wa kisukari, ulikuwa buluu, au kijani kidogo. Baada ya ajali ukawa tofali kila siku, na mgonjwa hali kitu ila uji mtupu. Nikakugeukia wewe. Nikasema mbele ya majirani kwamba unamtilia sukari kwenye chai kwa kumhurumia. Ulifunga mzigo wako ukaenda stesheni.

Jumanne nilimpeleka Thika kwa Daktari Indravadan. Nilimweleza habari za chai nikitarajia aniunge mkono. Akatikisa kichwa. Alisema jeraha lenyewe hupandisha sukari: mwili ukiumia, humwaga sukari yake kwenye damu, hata kama mtu hajaonja kitu. Wasiwasi nao hufanya vivyo hivyo. Akauliza kama mgonjwa ana jambo linalomsumbua. Odhiambo akasema anaogopa msimamizi atatutoa katika nyumba ya shamba, na kwamba mama yake ameondoka akilia.

Daktari aliongeza kipimo cha sindano ya insulini, akaosha kidonda, akaonya kwamba sukari ikibaki juu hakitafunga, na mguu utakatwa. Kesho yake nilimwendea msimamizi mwenyewe, akatuachia nyumba mpaka mwisho wa Agosti. Juzi mkojo ulikuwa wa manjano. Leo asubuhi ni kijani, na kidonda kimeanza kukauka pembeni.

Sasa hapa Erastus asome polepole. Siku mbili kabla ya kukushtaki, nilisawazisha sukari ndani ya kopo kwa mgongo wa kijiko, nikachora msalaba juu yake ili nikunase. Mimi mwenyewe nilikunywa chai isiyo na sukari nisije nikauharibu. Halafu hasira ikanipanda, nikakusema kabla sijatazama. Ulipoondoka ndipo nilipofunua kopo. Msalaba ulikuwa palepale, haujaguswa hata chembe. Gari la moshi lilikuwa bado halijafika stesheni. Ningeweza kukukimbilia. Niliona haya, nikafunika kopo, nikanyamaza siku kumi na moja huku mwanao akikulilia na mkojo ukizidi kuwa mwekundu mpaka tulipokwenda Thika. Habari za jeraha sikuzijua, Mama. Hili nililijua, hata nilipokuwa nikimweleza daktari habari za chai.

Odhiambo nimemwambia yote. Hakunigombeza. Alisema tu nikuandikie leo, nisingoje kesho.

Naomba unisamehe, na naomba urudi. Wasalimie wote hapo nyumbani. Majirani wa hapa, wale waliosikia, nimewaambia ukweli mmoja mmoja. Kopo sijaligusa tena, na chai tunakunywa hivyo hivyo. Utakapokuja, utalifungua wewe.

Ni mimi mkaza mwanao,
Benta