Kigari Kilichonuka Omena

Kwako Atieno, binti yangu mpendwa, huko Nakuru,

Kosa wanalofanya watu wengi wanapochagua kigari cha mtoto ni kumwangalia mtoto. Wanabonyeza kigodoro, wanapapasa kitambaa, wanauliza kama kichwa kitapata kivuli. Mtoto hana neno, atalala popote. Wa kuangaliwa ni yule atakayekisukuma: mkono wake una nguvu kiasi gani, mlango wake ukoje, na akifika penye kizingiti ni nani yuko karibu wa kumsaidia. Wewe ulilijua hilo kabla yangu. Sasa una mimba nyingine, na barua yako ya juzi inaniomba nikuchagulie kati ya vigari viwili ambavyo sijaviona, nami nitakujibu kwa kukukumbusha kile cha kwanza. Barua hii naiacha wazi, ili na mama mwingine anayetembea kwa mkongojo aisome. Sisi hatukuwa na wa kutuandikia.

Unaikumbuka ploti mliyopanga wewe na Ouma, upande wa kwenda ufuo wa Dunga? Geti lake kubwa la chuma lilikuwa limefungwa daima, na watu walipita katika kijilango kilichokatwa humo getini. Chini ya kijilango fundi aliacha ukingo wa chuma unaofika karibu na goti la mtoto. Mtu wa miguu miwili anauruka bila kujua kwamba ameuruka. Wewe ulikuwa ukisimama, unaegemea nguzo, unapitisha mkongojo kwanza, kisha mguu wa kulia, kisha unauvuta ule wa kushoto ambao polio iliudhoofisha kabla hujajifunza kukimbia. Nilikutazama ukipita pale mara nyingi, na kila mara nilishusha pumzi ukiwa umeshavuka.

Ndipo ukapata mimba ya Akinyi. Mumeo Ouma alikuwa akifanya kazi kwenye feri kule Luanda Kotieno, akija nyumbani mwisho wa wiki tu. Mama yake akaja kukuona, na samaki wa kukaushwa kwenye kapu. Hakuja kwa ubaya, na napenda hilo likumbukwe. Alikaa, akanywa chai, akautazama mkongojo uliouegemeza ukutani, akasema, "Nyathina," yaani mtoto wangu, "huyu akishapata nguvu kidogo nitakuja kumchukua nikae naye kule kwetu Luanda Kotieno. Huku kuna mitaro, kuna mawe. Wewe mwenyewe unatembea na mti. Mtoto utambeba na nini?"

Ukajibu, "Nimesikia, Mama."

Mimi niliyekulea nilielewa kwamba umesikia, na kwamba hujakubali.

Siku chache baadaye uliazima mtoto wa jirani, ukamfunga mgongoni kwa leso, ukatembea uani mimi nikiwa nyuma yako, mikono nimeitanua kama golikipa. Nieleze kwa wasiojua: anayetembea kwa mkongojo hubadilisha uzito wake kila hatua, na mtoto mgongoni huuvuta uzito huo nyuma wakati mwili unaupeleka mbele. Uliyumba mara moja. Hukuanguka. Lakini ulimfungua yule mtoto, ukamrudishia mama yake, ukaniambia, "Baba, nikiteleza tunaanguka wawili. Nataka kigari, na nakitaka sasa, nijifunze kabla hajaja."

Hapo ndipo tulipogongana na mama yako.

"Kitu cha mtoto ambaye bado hajalia hakiingii kwangu wala kwa mtoto wangu," alisema. "Azaliwe kwanza. Vigari havitaisha duniani."

Huo ndio utaratibu wa akina mama wengi wa huku, nami sikuucheka. Ulikuwa unajua, ingawa hatukuwa tukilisema, kwamba kabla yako mama yako alimfumia mtoto wetu wa kwanza kofia ya sufu, na kofia ile haikuvaliwa. Lakini tazama utaratibu huo unavyofanya kazi. Tungengoja mtoto alie ndipo tununue. Wewe ungekuwa kitandani. Kigari kingechaguliwa na mimi, au na Ouma, au na jirani mwenye miguu mizima, na siku ya kwanza ya kukisukuma ingekuwa siku ya kwanza ya kumsukuma mwanao. Na mama mkwe wako angekuwa amekaa pale pale, anatazama.

Hukubishana na mama yako. Uliniambia tu nikusindikize Kibuye, sokoni. Enzi hizo ulikuwa unauza omena, wale dagaa wa ziwani, mbele ya ploti, na mzigo ulikuwa unaletewa na vijana kutoka Dunga. Njiani ukasema, "Baba, tunaenda kununua kigari cha omena."

Nilicheka mpaka nikasimama.

Pale Kibuye, katikati ya mitumba, palikuwa na vigari vitatu. Nilikipenda kile kikubwa mara moja: chuma kizito, magurudumu kama ya baiskeli, kimesimama imara. Nikakuambia kwamba hicho hakiwezi kupinduka. Ukakizunguka, ukasema, "Hiki si kigari, Baba. Hiki ni kabati lenye magurudumu. Hebu kinyanyue nyuma kwa mkono mmoja." Nikajaribu. Nikajaribu tena, muuzaji akitazama pembeni kwa heshima. Hapo nikaelewa kwamba wewe ulikuwa hununui kigari cha barabarani. Ulikuwa unanunua kigari cha kijilango.

Cha pili kilikuwa chepesi, lakini kilikuwa na vishikio viwili vilivyoachana, kimoja cha kila mkono, kama pembe. Ukishika kimoja, kigari kinageukia upande na kutaka kurudi kilikotoka. Anayetumia mkono mmoja anahitaji upau mmoja unaotoka upande hadi upande, ashike katikati. Cha tatu kilikuwa nao. Cha buluu, kimepauka, kinakunjika kwa kukanyaga chuma kidogo chini. Ulikisukuma kwa kushoto, mkongojo kulia, ukazunguka marobota ya nguo, ukarudi. Kisha ukanifundisha jambo ambalo nimewaambia wengi tangu hapo: kigari chepesi si cha kuegemea. Ukikiegemea kinakaa chini nawe unakaa nacho. Ukitundika kikapu kwenye upau, kinalala chali. Mkongojo ubaki mkongojo, kigari kibaki kigari.

"Mzee, mjukuu ni wa lini?" muuzaji akauliza.

"Hakuna mjukuu. Ni cha omena."

Akakitazama kigari, akalitazama tumbo lako, akanitazama mimi. "Haya. Omena nao wastarehe kidogo."

Mama yako alikikuta ukutani kwenu jioni ile. "Hicho ni cha nini?"

"Cha omena, Mama."

"Omena wanavaa mkanda?"

"Barabara ni mbaya, Mama. Wasije wakaruka."

Alikitazama muda mrefu. Kisha akaingia ndani akachambua mchele.

Ndivyo ulivyojifunza. Asubuhi ulikuwa unakwenda Dunga mwenyewe, unarudi na omena wamefungwa kwenye gunia dogo, wamekalishwa kama mtu. Vijana wa kuosha magari ufuoni walikuita, "Mathe! Mtoi wako ana macho mengi sana!" Ukawajibu, "Anawaangalia nyinyi msiofanya kazi!" Paka wa mtaa mzima walijua saa yako ya kurudi. Na pale getini ulijenga ustadi wako kidogo kidogo: unageuza kigari uso kwa kijilango, unaukandamiza upau, magurudumu ya mbele yanainuka na kupita juu ya ukingo, unasukuma mpaka ukingo ukae katikati ya chini yake, unanyanyua nyuma kwa mkono mmoja, unashusha ndani. Kisha wewe mwenyewe: mkongojo, mguu, mguu. Mwanzoni omena walimwagika. Baadaye wakaacha kumwagika.

Akinyi akazaliwa asubuhi, salama, analia kama mtu aliyekatizwa maneno. Niliporudi kutoka hospitali nikamkuta mama yako kwenye ua wenu, amekunja mikono ya gauni, anakisugua kigari kwa sabuni na ndimu. Alikianika juani, akakinusa, akakiosha tena.

Na mama mkwe wako akaja, kama alivyoahidi, shingo ya mtoto ilipokuwa imekaza. Alikuja na shuka mpya na kapu tupu. Mama yako na mimi tulikuwa kwenu siku hiyo. Wewe hukuwapo. Ulikuwa umempeleka Akinyi kliniki kupata matone ya polio, na ulikwenda peke yako. Nakiri moyo haukutulia. Mama Ouma alipoambiwa umetoka na mtoto, aliweka kikombe chini. "Na nani?"

"Na kigari," mama yako akajibu.

Tukakaa uani, watatu, tukilitazama geti. Tulisikia mkongojo wako kabla ya kukuona. Kisha magurudumu ya mbele yakatokea kwenye kijilango, hewani.

Mama Ouma akainuka kukimbilia. Mama yako, ambaye hakuwahi kumgusa mwanamke yule zaidi ya salamu, akamshika mkono wa gauni.

"Mwache," akasema.

Ukasukuma. Ukanyanyua. Magurudumu ya nyuma yakashuka ndani bila mshindo. Akinyi hakufumbua jicho. Kisha mkongojo, mguu, mguu, na nyuma yako, akiruka ukingo kwa adabu zote, paka wa kijivu aliyekufuata tangu njia panda.

Nilisikia pumzi ya mama yako ikitoka. Nilisikia na yangu. Mama Ouma alikuwa bado amesimama, mkono mdomoni. Akasogea, akainama juu ya kigari, akanusa, akanyanyuka.

"Nyathi huyu ananuka omena!"

"Ni wa Dunga, Mama," ukamwambia, ukihema. "Atanuka nini kingine?"

Akaanza kucheka, na cheko lake lilikuwa kubwa kuliko nilivyomdhania. Shuka ile mpya akaikunjua, akamfunika nayo Akinyi palepale kigarini. Alipoondoka siku mbili baadaye, kapu lake lilikuwa limejaa omena wako, naye akakuambia, "Basi mimi nitakuwa nakuja kumtembelea. Lakini likizo ni zangu." Likizo zimekuwa zake mpaka leo, na Akinyi hurudi kutoka Luanda Kotieno na mashavu mawili ya ziada.

Mambo mengi yamebadilika. Magugu maji yameufunga ufuo wa Dunga, siku nyingine mashua hazipati njia ya kutoka. Geti lile lipo bado. Nilipita juzi nikaukanyaga ukingo wake kwa makusudi, nikacheka peke yangu.

Sasa swali lako. Unasema kimoja kina magurudumu makubwa yanayofaa vumbi na mawe ya mtaani kwenu, lakini ni kizito, na kingine ni chepesi kina magurudumu madogo. Kuhusu vyote viwili umesema kweli. Magurudumu makubwa hupita vizuri kwenye mawe, na madogo hukwama, hata kile cha buluu kilikwama mara nyingi. Lakini kigari kikikwama kwenye jiwe unarudi nyuma kidogo na kuzunguka. Kikikushinda mlangoni, umefungwa ndani ya nyumba yako na mtoto wako. Ningekuwa mimi ningechagua chepesi chenye upau mmoja, nikaangalia kwamba breki inashika, basi. Lakini mimi si mkono wako. Nilishawahi kupenda kabati.

Ulimaliza barua yako kwa kusema kwamba labda ungoje mtoto azaliwe kwanza, kwa ajili ya mama. Nilimsomea sehemu hiyo. Alikuwa amekaa dirishani. Akasema, "Mwambie anunue sasa, asingoje," kisha akarudi kwenye kazi yake. Anafuma kofia, Atieno. Ndogo, ya manjano. Imebaki sehemu ya juu tu. Nilivuta kiti nikakaa karibu naye, nikiwa mwepesi kifuani kuliko nilivyokuwa kwa miaka mingi.

Msalimie Ouma, mkumbatie Akinyi, nawe upumzike mchana unapoweza. Leo hii kaviazime vigari vyote viwili kwa muuzaji, weka pakiti mbili za unga ndani ya kila kimoja, shika mkongojo wako, na uvuke navyo geti la kwenu peke yako.

Baba yako