Isale la mgombea

Alhamisi usiku, Machame

Na leo kaja na tawi la isale. Mgombea wetu, yule yule aliyeapa kwamba ilani ya chama chake itatujengea chuo kikuu hapa kabla sijamaliza kidato cha sita. Nimemaliza. Chuo changu ni zizi la ng'ombe wa mama, na naogopa nitahitimu humo humo.

Huku kwetu ukiletewa jani la isale na kuombwa msamaha, huwezi kukataa. Labda chama kina kamati ya majani ya kuombea msamaha. Mama akalipokea kwa mikono miwili. Mgombea akashukuru, akaahidi vyuo viwili.

Nilinuna hadi jioni. "Mama, umemsamehe kweli?"

"Nimemsamehe." Akachukua jembe, akalipanda lile isale mpakani, kwenye ua wa masale mengine. "Akirudi na ilani nyingine, aishie hapo."