Makandi ameniuza kwa somo la kutembea

Kathure, uko? Makandi ameniuza. Mjukuu wangu mwenyewe, niliyembeba kwa mgongo huu.

Unajua vile nimeficha hili goti linaloniuma. Kijana wangu Mithika akijua tu, ananitoa kwa shamba langu la ndizi hapa Mitunguu nikakae kwa kiti chake huko Embu. Mbali na wewe, nilimwambia Makandi peke yake.

Leo ilikuwa siku ya wazazi kwa shule anafundisha. Alikuwa ametualika, Mithika naye akaja, tukakaa benchi moja. Makandi akaanza kufundisha watoto maneno ya Kizungu ya kutembea. "Stroll," akatembea polepole kama pasta ametoka kula. Mimi ndiye nilicheka wa kwanza.

Halafu akasema "hobble." Akashika kiuno, akavuta mguu. "Hivi ndivyo cucu wangu, huyu nyanya yangu, hutembea akidhani hakuna mtu anamwona."

Mbele ya Mithika, Kathure. Na akavuta mguu tena, ati watoto waone vizuri.

Mithika hakucheka. "Mama, Jumamosi nakuja kukuchukua."

Nimerudi nyumbani wima kama askari, goti likiungua.

Sasa Makandi ako hapa jikoni analia, ati alisahau ni siri. Nimemuuliza Wazungu wanaitaje kutembea kwa mtu anayetolewa shambani kwake. Ati hilo neno hawakufundishwa. Mwalimu mzima.