Dakika Mbili za Mkono wa Kulia

Juba, 4 Machi 1978

Mdogo wangu Keji,

Salaam. Sisi wazima, ila mimi nina kinyongo. Umekimbilia kwa shangazi Teresina Nairobi, na sare za shule hazijaisha. Nilikupima kwa saa: unazungusha cherehani dakika mbili, unashusha mkono, unaukanda dakika tano. Siku nzima sare tatu! Betty, fundi mwenzako, anashona nane. Mkono hauna kidonda wala uvimbe. Ni uvivu tu, na Mama nimemwambia hivyo kule Yei, mbele ya watu. Mimi nilianza na sindano moja tulipokuwa kambi ya wakimbizi Uganda, nani alinikanda? Cherehani nimempa Betty.

Kaka yako,
Lokosang

Nairobi, 29 Mei 1978

Kaka Lokosang,

Hamjambo huko? Mama je?

Shangazi alinipeleka hospitali. Hawakunichoma wala kunipasua. Walinifunga kitambaa cha kupimia presha mkono huu, kisha ule, hata miguuni, wakaweka kidude kinachotoa sauti ya damu ikipita. Kushoto ilivuma. Kulia ilinong'ona. Kushoto mia na thelathini, kulia sabini. Mshipa umeziba, kaka.

Daktari akauliza, "Unachoka baada ya muda gani?" Mimi sina saa. Nikampa barua yako. Akaisoma yote. "Huyu amepima vizuri. Mbona hakuuliza kama unaumwa?" Ameiweka kwenye faili.

Mdogo wako,
Keji

Juba, 16 Juni 1978

Keji,

Unaendeleaje? Dawa unapata? Mimi mwili mzima, uso sina pa kuuweka. Hesabu zangu zote zilikuwa sahihi, nami nikazisoma vibaya. Barua ile waombe wairudishe. Faili husomwa na watu. Malesh, dada, nisamehe. Cherehani nimeichukua kwa Betty, nimeifunga kwenye meza ya kukanyaga kwa miguu. Rudi.

Kaka yako,
Lokosang

Nairobi, 10 Julai 1978

Kaka,

Salaam. Dawa nameza. Cherehani mrudishie Betty, yeye kakosa nini? Barua sikuiomba. Nenda Yei, mwambie Mama ukweli kwa mdomo wako, mbele ya watu wale wale.

Keji

Yei, 2 Agosti 1978

Dada Keji,

Mungu akuponye. Cherehani iko kwa Betty. Nami nimekuja, nimesema mbele ya wote: mia na thelathini, sabini. Mama akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Najua. Kambini mimi na Keji tulilala mkeka mmoja. Mkono ule ulikuwa wa baridi, niliupasha moto kila asubuhi."

"Mbona hukuniambia?"

"Unga tuliokula ulikuwa wako, baba. Nani angekubishia?"

Ukirudi, fikia kwa Mama, si kwangu. Leo siku ya nne niko hapa nawasikiliza. Nimesema mengi, mengine ya kipuuzi makusudi, nione nani atanipinga. Hakuna aliyenibishia.

Kaka yako,
Lokosang